Pale Vidole Vinapokwama

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Kitinda alikaa mlango wa nyuma na gitaa lake. Jina lake la nyumbani ni hilo, kwa kuwa binti huyu ndiye mtoto wa mwisho. Alipiga wimbo uleule, tangu mwanzo. Kila siku alikwama palepale katikati. Alirudi mwanzo, akapiga kwa haraka zaidi, akakwama tena.

Baba yake, fundi baiskeli, alichoka.

"Miezi minne wimbo mmoja! Huna kipaji, mwanangu. Mwisho wa mwezi binamu yako akija, nampa hilo gitaa."

Kitinda aliingia chumbani, akalia.

Mimi hapo damu inanichemka. Watu wazima tunalipenda mno neno hili, kipaji. Mtoto akishindwa tunamtupia usoni, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Nani alimwonyesha jinsi ya kujifunza? Hakuna!

Kesho yake jirani alileta gauni lipunguzwe, kwani mama yake Kitinda ni fundi cherehani. Jirani huyo anapiga gitaa la besi kwenye bendi, hivyo watu humwita Mama Besi. Mama alimweleza habari ya gitaa. Mama Besi akamgeukia baba, aliyekuwa hapohapo.

"Shemeji, nani kakwambia mtoto hana kipaji?"

"Nina masikio."

"Hata mimi ninayo, na ukuta wetu ni mmoja. Wimbo wote anaujua, ila kipande kidogo tu. Tairi likitoboka, unafanya nini?"

"Natafuta tundu, naziba."

"Haya! Huyu hajaonyeshwa tundu liko wapi, na wewe unataka kumnyang'anya baiskeli!"

Mama alicheka mpaka akaacha kushona. Baba hakucheka.

Mama Besi alimwita Kitinda. "Usirudi mwanzo. Anzia hapa unapokwama. Vidole vitoke hapa, viende hapa. Polepole sana."

"Polepole inachosha, shangazi."

"Ukikosea kwa haraka kila siku, vidole vinakariri kosa. Piga sawasawa mara tano, ndipo uongeze mwendo kidogo. Kisha unganisha na kinachotangulia na kinachofuata. Ukianza kukasirika, pumzika, unywe maji."

"Wewe ulifundishwa hivi?"

"Nifundishwe na nani? Mwaka mzima bendi walinibebesha spika tu! Nilijifunza kwa kuwachungulia. Mpaka leo nikikumbuka nawaka."

Kitinda alifuata maelekezo. Siku tatu nyumba ilisikia kipande kile tu, polepole.

"Sasa ndiyo kero kabisa," baba alinung'unika.

Wiki ya pili kipande kilinyooka. Wiki ya tatu Kitinda alikiunganisha na wimbo wote.

Mwisho wa mwezi binamu alifika kuchukua gitaa. Kitinda alisema, "Subirini kwanza." Alipiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Hakukwama.

Baba alipiga makofi. "Kumbe mwanangu una kipaji!"

Kitinda alimkazia macho kwa hasira. 

"Baba, usiniambie hivyo. Nimejifunza."

Baba alitazama chini. 

"Kweli," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Kisha akamgeukia binamu.

"Gitaa halitoki humu. Ukitaka kupiga, mwombe dada yako akufundishe."