Kurasa Tatu Nyeupe

Kwa miaka ishirini na sita alipiga taipu kwenye meza yake, nje ya lango la mahakama. Watu walimwita Mama Taipu. Ukitaka barua ya dhamana au ya rufaa, ulikaa mbele yake ukaeleza, naye akaandika bila kutazama vidole. Basi presha ya macho ilipoanza kumzimia nuru, hakumwambia mtu ila mumewe.

"Acha kazi, mke wangu."

"Niache tule nini? Vidole si vipo?"

Kila ukurasa ukiisha, alipapasa mgongo wa karatasi. Akisikia mabonyeo ya herufi, aliridhika.

Siku moja alikuja mama muuza mkaa. Mwanawe alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka saba, na siku za kukata rufaa zilibaki mbili. Hakujua kusoma. Alieleza huku amejifunika uso kwa kilio. Mama Taipu akapiga kurasa tatu, akapapasa, mabonyeo yapo.

"Usiziguse, dada, mikono ina mkaa." Akazikunja mwenyewe, akazitia kwenye bahasha, akaibandika.

Wiki mbili baadaye, muuza mkaa alirudi akazibwaga zile karatasi mezani.

"Zisome."

Mama Taipu alipapasa. "Si haya hapa maandishi?"

"Hakuna kitu! Karani kanicheka. Nyeupe, zote tatu nyeupe! Na siku zimepita. Mwanangu umemfunga wewe!"

Utepe wa wino ulikuwa umekauka. Herufi zilibonyeza karatasi, lakini hazikuacha rangi. Mama Taipu alifunika mashine, akaenda nyumbani na zile karatasi, na hakurudi tena kazini. Miezi ikapita. Chakula kilimshinda, na mumewe akiingia chumbani alimkuta amekaa palepale.

Mume akamvuta mpaka hospitali. Daktari hakumficha. "Nuru iliyopotea hairudi, mama. Ungekuja ulipoanza kuona ukungu pembeni, tungeokoa kiasi. Matone haya yatalinda kidogo kilichobaki."

Mpokea simu wa hospitali ile alikuwa kipofu tangu utotoni. Mume alimsimulia yote pale mapokezi. Jumamosi yule bwana akaja kwao na mkoba. Akatoa kibodi na kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Kompyuta hiyo."

"Na kioo kiko wapi?" mume akashtuka. "Wamekupiga, shemeji!"

"Kioo cha nini? Mwanafunzi haoni, mwalimu haoni. Wewe ukitaka kujitazama nenda kwa kinyozi! Ukiacha kioo, bei inashuka sana. Kibodi ni ya mtumba, na printa ya mtumba nitawaletea. Spika za masikioni ni za simu. Programu inayosoma ni ya bure."

Akaushika mkono wa Mama Taipu. "Papasa, dada. Kuna vinundu viwili, kwenye F na J. Vidole vya shahada vikae hapo. Haya, andika."

Aliandika "mahakama". Sauti ikatamka "mahkama", kama mtu mwenye mafua. Alikuwa ameruka herufi.

"Yesu wangu! Nimekosea hivi mara ngapi?"

"Sasa utasikia kabla ya mtu mwingine. Lakini usiishie hapo. Printa nayo huishiwa wino."

Mama Taipu akaondoa vidole kwenye kibodi. Yule bwana akatoa kamera ndogo yenye mguu wa waya, akaichomeka kwenye kompyuta. "Karatasi ikitoka, iweke chini ya hii. Bonyeza hapa. Inakusomea kilichoandikwa kweli."

Mama Taipu aliinuka. Akatoa zile kurasa tatu chini ya godoro, akaweka ya kwanza.

"Hakuna maandishi," mashine ikasema.

Ya pili. "Hakuna maandishi."

Ya tatu hakuiweka. Alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alijifunza kila siku kwa mwezi mzima. Kisha akamwambia mumewe ampeleke kwa muuza mkaa.

"Nimekuja kukuandikia, dada. Kuna maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Nitaeleza kwamba sioni, nilificha, na kosa ni langu."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Muuza mkaa akajifunga kitambaa kichwani, akawafuata mpaka nyumbani kwao.

Mama Taipu aliandika. Karatasi ilipotoka kwenye printa aliiweka chini ya kamera, akampa mwenzake spika moja ya sikio, moja akavaa yeye. Wakasikiliza pamoja mpaka mwisho. Jina la mwanawe lilipotajwa, muuza mkaa alishika ukingo wa meza.

Wiki ya nne alirudi na bahasha ya mahakama. Hakuwa amempa mtu yeyote amsomee. Akaiweka barua chini ya kamera kwa mkono wake mwenyewe.

"Maombi yamekubaliwa," mashine ikasoma. "Rufaa iwasilishwe ndani ya siku kumi na nne."

"Irudie."

Mama Taipu akairudia.

"Amekonda," muuza mkaa akasema. "Nilimwona juzi. Kila nikimtazama nakukumbuka wewe. Bado sijakusamehe."

"Najua, dada."

"Haya, andika hiyo rufaa. Na bahasha nitaibandika mimi, tukishasikia kurasa zote."

Mama Taipu akatafuta vile vinundu viwili.

"Anza na jina lake," muuza mkaa akasema, akavaa spika sikioni.