Chupa ya Maji Vuguvugu

Kila Jumamosi, wakati mtaa mzima wa Kware umepanga mitungi kwenye foleni ya maji, Kanyiva alimpokea mama yake chupa ya chai isiyokuwa na chai. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi, vuguvugu kama mwili wa ng'ombe, na ovari, yaani vifuko vya mayai ambavyo Mama alivikusanya kichinjioni alfajiri. Kanyiva aliipeleka kwenye maabara ya Daktari Habibo, karibu na viwanda vya Industrial Area. Huko mayai hukomazwa ndani ya sahani, kisha huunganishwa na mbegu za fahali ili wapatikane ndama bora.

"Usifungue," Mama alimwambia akiifunga kwa leso. "Joto likiharibika, mayai yamekwisha."

Jumamosi moja rafiki yake Nurto alimkuta langoni mwa maabara. "Leo umebeba supu?"

"Mayai ya ng'ombe."

"Kumbe ng'ombe wenu hutaga?"

Kanyiva akacheka, akafungua amwonyeshe. Chupa ikamteleza, maji nusu yakamwagika. Akakimbilia kibanda cha chai, akaomba maji yanayochemka, akajaza, akafunga leso vilevile. Si maji ni maji?

Kesho yake habari zikafika: mayai yote yamekufa, kwenye sahani zenye dawa mpya ambayo Daktari alikuwa akiijaribu na zisizo nayo. Msimamizi wa maabara alitaka atafutwe mbebaji mwingine badala ya Mama. Mama alikuwa kibarua pale kwa miaka sita, na kibarua hulaumiwa kabla hajaulizwa. Ndivyo alivyofukuzwa kiwandani babu yake Kanyiva, kwa kuharibika kwa mashine ambayo hakuwahi kuigusa. Wakubwa walisahau. Mama hakusahau.

Hata hivyo hakulalamika. Alimmenyea Kanyiva kiazi kitamu, akampa kipande kikubwa. Kanyiva akakiweka chini.

"Mama, ni mimi niliyefungua."

Mama akamfuta machozi kwa ncha ya leso. "Basi twende tukaseme. Nitakushika mkono, lakini mdomo ni wako."

Huko maabara Kanyiva akasema yote, hata yale maji yaliyochemka. Msimamizi akainamia karatasi zake. "Mama huyu sikuwa nimemwuliza," akasema.

"Kibarua haulizwi," Mama akajibu taratibu.

Kazi ya Mama ikabaki. Jumamosi iliyofuata chupa ilifika bila kufunguliwa, na Jumapili Daktari Habibo akamwita Kanyiva kwenye hadubini.

"Yai likitoka mwilini, hewa hulichosha, kama parachichi lililokatwa linavyogeuka jeusi. Dawa hii hulikinga, kama ndimu inavyolikinga parachichi. Hebu tazama."

Sahani yenye dawa ilikuwa na mayai mengi zaidi yaliyokomaa kuliko isiyo nayo. Kanyiva akatazama mpaka jicho likatoka machozi.

"Dawa hii bado tunaipima," Daktari akasema, "lakini dawa ya kosa ilishajulikana zamani. Ni kulisema mapema, mwanangu. Ukilificha, atalipa asiye na hatia, na mara nyingi huwa ni mnyonge."

Mama akamkabidhi Kanyiva chupa tupu. "Jumamosi ijayo," akasema, "nani ataibeba kama si wewe?"