Maua Mekundu ya Notburga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Notburga alipita shambani nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Ruhuwiko, kuwafukuza kuku wa jirani. Mwaka huo hakufurahia aliyoyaona. Mvua ilinyesha vizuri, lakini mahindi yalinyong'onyea na majani yakawa ya manjano, kana kwamba yana kiu.

"Hii siyo bure," mama yake alisema. "Tangu jirani yetu Mzee Jumanne aliposifia mahindi yangu, yamegoma kukua. Yule ana jicho baya."

Maneno yakasambaa mtaani. Watu wakaacha kumsalimia Mzee Jumanne. Maskini, kosa lake lilikuwa kufuga kuku wasiosikia tu.

Jioni moja Notburga akaona vimaua vyekundu chini ya mahindi. Akayatambua. Mwaka uliopita alichuma maua kama hayo kwa shangazi yake, kijijini Hanga, ili apambe meza siku jumuiya ya kanisa ilipokuja kusali kwao. Shangazi alimkataza, "Hayo usiyatoe hapa!" Yeye akayaficha kwenye begi. Yalipokauka, akayatupa shambani.

Siku mbili aliificha siri hiyo. Siku ya tatu alimsikia mama akiwaambia majirani, "Kesho tumwambie Mzee Jumanne ahame."

"Mama, ni mimi!" Notburga alilia, akaeleza yote.

Mama alimwita bwana shamba, Tadei, ambaye alichimbua shina moja. Mizizi ya ua ilikuwa imeng'ang'ania mizizi ya mahindi.

"Hiki ni kiduha, gugu la mahindi," alisema. "Kinanyonya mahindi kabla hata hamjakiona. Hakina miguu, sisi ndio tunakihamisha. Mbegu zake ni kama vumbi, na hukaa ardhini miaka mingi. King'oeni chote leo, mkichome. Mwakani pandeni karanga."

Walipomaliza kuchoma, mama na mwana wakaenda kwa Mzee Jumanne.

"Shikamoo, babu. Ni mimi niliyeharibu mahindi. Nisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekusamehe." Mzee akamtazama mama. "Kiduha mmeking'oa. Na yale maneno, nani atayang'oa?"

Mama aliona aibu kubwa. "Ni mimi niliyeyapanda, baba. Nitapita nyumba kwa nyumba." Akamshika binti yake mkono. "Notburga, kosa liseme siku ile ile, likiwa bado dogo. Ona lilikofika baada ya kulificha. Na mimi nimejifunza kutomsingizia mtu jambo nisilolijua."

Wakaanza na nyumba ya jirani wa kwanza, giza halijaingia.