Alama ya Dada Chuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Saada alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji bombani, na kuokota korosho zilizodondoka usiku katika shamba la bibi yake, Bibi Sikuzani. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba tu, hapo Nandagala, wilayani Ruangwa. Mwezi wa Oktoba mikorosho haina huruma. Ukiokota huku, kule nyuma yako zinadondoka nyingine.

Jumatatu hiyo Saada alifanya kazi zote tatu akiwa amevaa sweta.

Bibi Sikuzani alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatenganisha korosho na mabibo yake. Alikuwa mtu wa kutilia shaka kila kitu. Redio ikisema mvua inanyesha, yeye hutoka nje kuhakikisha. Muuza samaki akiapa kwamba samaki wake ni wa jana, yeye humuuliza jana ya lini.

"Saada, unaumwa?"

"Hapana, bibi. Nasikia baridi."

"Baridi." Bibi aliitupa korosho moja kwenye ndoo. "Mbuzi wamejificha kivulini toka jua lilipochomoza, wewe unasikia baridi. Haya, mjukuu wangu. Kaisikie shuleni."

Akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea njiani, mkono wa kushoto ameukunja kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Ukweli ni kwamba chini ya lile sweta mkono ulikuwa unawaka moto, na habari yake ilianzia mbali. Mwezi uliopita, wakati wa likizo fupi, Saada alikwenda Nachingwea mjini kwa shangazi yake Zulfa. Huko alimkuta binamu yake Ashraf na gemu kwenye simu, gemu la mwanamke anayepita mapangoni kutafuta hazina huku watu wabaya wanamfukuza. Gemu hilo lilikuwa limetengenezewa filamu, na filamu ikafika kwenye banda la video karibu na stendi. Shangazi akawaruhusu waende mchana.

Stelingi wa filamu hiyo alikuwa dada mmoja mrefu, mwenye nywele fupi kama askari. Aliruka kutoka ghorofani akatua juu ya lori linalokimbia. Alipigana na wanaume tisa, wote wakalala chini, yeye jasho halikumtoka. Kwenye mkono wake wa kushoto alikuwa na alama nyeusi, pembetatu yenye nukta tatu ndani yake.

Filamu ilikuwa ya kigeni, na DJ aliyeitia Kiswahili hakuwa mtu wa kutafsiri halafu akanyamaza. Kila penye kimya alipajaza kwa maneno yake mwenyewe. Stelingi alimpa jina, akamwita Dada Chuma. Ile alama ilipoonekana kwa karibu, DJ akanguruma: "Mnaiona hiyo, watazamaji? Hapo ndipo nguvu zake zilipo. Mwenye alama hiyo hachoki, haumwi, na haogopi mtu."

Stelingi mwenyewe hakuwa amefungua hata mdomo. Lakini Saada aliyabeba maneno hayo mpaka Nandagala.

Aliyekulia kwenye mikorosho anajua kwamba ganda la korosho mbichi lina mafuta makali, yanayounguza ngozi na kuiacha nyeusi. Wakubwa huwakataza watoto wasiyaguse. Watoto nao, kwa kukatazwa huko huko, wakapata kujua kwamba yanachora vizuri. Ijumaa jioni Saada alipasua korosho mbichi, akachovya kijiti kwenye yale mafuta, akajichora pembetatu. Darasani, pembetatu zake hazijawahi kunyooka. Hii ilinyooka.

Alimwonyesha mtu mmoja tu, Rozalia, rafiki yake anayekaa naye dawati moja.

"Inauma?" Rozalia aliuliza.

"Dada Chuma haumwi."

"Sijamuuliza Dada Chuma. Nimekuuliza wewe."

"Apa kwamba husemi kwa mtu."

"Siapi mimi. Nikisema sisemi, sisemi."

Kufika Jumapili mkono ulikuwa umevimba na kujaa malengelenge. Na kwa kuwa Saada alijikuna kwa vidole vile vile vilivyoshika mafuta, malengelenge mengine yakatokea shingoni.

Jumatatu hiyo, katikati ya kipindi cha hisabati, Mwalimu Adinani alisimama mbele ya dawati lao.

"Saada, vua sweta, utazimia."

"Nasikia baridi, mwalimu."

"Basi hiyo ni homa. Hebu nione."

Sweta lilikuwa limegandamana na ngozi. Lilipovuliwa, alama haikuonekana tena, ila ngozi iliyotuna, yenye maji na usaha. Dawati la nyuma lilirudi nyuma lenyewe. Wiki iliyopita redio ilikuwa imetangaza juu ya ugonjwa wa vipele unaoambukiza kwa kugusana, na sasa kila mtu darasani akalikumbuka tangazo hilo.

"Mwalimu," alisema Doreen, aliyekaa mbele yao, "hata Rozalia ana vipele mkononi. Mimi nimeviona."

Rozalia alinyoosha mkono. "Ni harara tu, mwalimu. Joto."

"Ugonjwa nao huanza kama harara," ilisema sauti moja kutoka nyuma, ya mtu ambaye hata sayansi alikuwa amefeli.

Mwalimu Adinani alimgeukia Saada. "Sema, mwanangu. Aliyeanza ni Rozalia?"

Rozalia alifungua mdomo. Akamtazama rafiki yake. Kisha akaufunga, kwa sababu alikuwa amesema hasemi.

Saada alifikiria bibi yake, akafikiria mafuta ya korosho aliyokatazwa, akafikiria fimbo. Akainamisha kichwa mara moja, kama kuku anayedonoa punje. Hakutoa neno. Ni kichwa tu.

Rozalia alirudishwa nyumbani asije shuleni mpaka zahanati itakaposema ni mzima. Saada naye akaambiwa apelekwe huko.

Sasa, Rozalia alikuwa anaishi na bibi yake, Bibi Goreti. Walikuwa Wamakua, asili yao Msumbiji, na Nandagala walikuwa wamehamia miaka miwili tu nyuma. Bibi Goreti aliuza mihogo ya kuchemsha kwenye lango la shule. Usoni alikuwa na nembo za kuchanjwa, mistari na vipembe kwenye mashavu, kama walivyochanjwa mabinti wengi wa kwao zamani. Kwa miaka miwili watu walikula mihogo yake na kulamba vidole. Jumanne hiyo beseni lilirudi nyumbani limejaa kama lilivyotoka. Bombani wanawake walisogeza ndoo zao mbali na ya Bibi Goreti.

"Uso mzima una alama yule bibi," alisema mmoja. "Nani anajua alizitoa wapi."

"Na mjukuu naye ndiyo hivyo."

"Mwenye nyumba wao ameshatuma salamu. Kesho nesi akisema ni ugonjwa, wahame."

Saada alikuwa nyuma yao na ndoo yake. Maji yalifurika mpaka yakamlowesha miguu, hakuona.

Jioni bibi yake alimweka kwenye mkeka, akauchunguza ule mkono mbele, akauchunguza nyuma.

"Ugonjwa huu una adabu sana," alisema. "Umekuta mikono miwili, ukachagua mmoja. Rozalia anakaa upande gani wako darasani?"

"Kulia, bibi."

"Kulia. Na wenyewe ukaruka kulia, ukatua kushoto."

"Labda uliruka, bibi."

"Labda," alisema Bibi Sikuzani, akaendelea kumtazama. Saada angependa apigwe kuliko kutazamwa vile.

Jumatano walikwenda zahanati. Nesi Magreti alikuwa ameziita familia zote mbili, kwa hiyo Bibi Goreti na Rozalia walikuwa wameshafika. Benchi lilikuwa na watu sita, wote wamebanana upande mmoja, na upande wa pili wamekaa hao wawili peke yao, wana nafasi ya kulala.

"Shikamoo, bibi," alisema Saada kwa sauti ya chini.

"Marahaba," alijibu Bibi Goreti. Rozalia hakugeuka. Alikuwa anasoma tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani, na alilisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

Nesi alimkalisha Saada karibu na mlango penye mwanga. Alimwosha mkono taratibu kwa maji ya chumvi, akatoa usaha na magamba. Uvimbe ulikuwa umepungua kidogo. "Ilianzaje?" aliuliza.

"Nilipata tu."

"Uliguswa na kitu? Mdudu? Dawa?"

"Nilipata tu, nesi."

Nesi aliandika. Bibi Goreti alinyanyuka kwenye benchi.

"Nesi, naomba nami nione."

Watu wa benchini walinong'ona. Bibi Goreti hakuwajali. Aliinama, akautazama mkono bila kuugusa. Kisha kidole chake kikapita hewani juu ya kidonda: kikapanda, kikakata kona, kikashuka, kikakata kona nyingine, kikarudi kilipoanzia.

"Ugonjwa haujui kupiga kona," alisema.

"Unasema nini, mwenzangu?" aliuliza Bibi Sikuzani, na masikio yalimsimama.

"Nasema hii imechorwa. Mimi nilipokuwa binti wa umri huu, kungwi alinilaza kichwa mapajani kwake, akanichanja kwa kisu kidogo na masizi. Alama iliyotengenezwa na mkono wa mtu naijua. Imechorwa kwa nini, na imechorwa na nani, mimi sisemi. Mwenye mkono yupo hapa."

Saada alimtazama Rozalia. Rozalia sasa alikuwa ameacha tangazo, anamtazama yeye, na midomo bado ameifunga. Siku tatu amefukuzwa shule, bibi yake amerudi na mihogo, nyumba inataka kuwatoka, na bado hajasema. Saada aliona aibu iliyo kali kuliko mafuta yale.

"Ni mafuta ya korosho," alisema. "Nilijichora mwenyewe. Rozalia hajaniambukiza kitu. Alijua toka mwanzo, ila mimi ndiye nilimkataza asiseme. Halafu mwalimu alipouliza, nikainamisha kichwa."

Nesi Magreti aliweka kalamu chini. Bibi Sikuzani hakushtuka hata kidogo.

"Endelea," alisema. "Ulijichora nini?"

Saada akaeleza yote, gemu, banda la video, Dada Chuma na nguvu za alama yake. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Saada, yule dada ni mwigizaji. Ile alama anapakwa rangi kwa brashi, wakimaliza kazi wanaifuta, analala na ngozi yake safi. Na pale pa kuruka ghorofani, mara nyingi anaruka mtu mwingine aliyefundishwa kuruka, chini wametandika magodoro."

"Kwa hiyo hata kuruka haruki?" aliuliza Bibi Sikuzani.

"Mara nyingi haruki, bibi."

"Na yale maneno ya nguvu?"

"Yale ni ya DJ. Alijitungia tu, watu wafurahi."

"Basi huyo Dada Chuma kabaki na kazi moja, kupokea mshahara."

Benchi zima lilicheka, na wale waliobanana wakaanza kusogea upande wa pili, mmoja mmoja, kama vile benchi lenyewe ndilo linawasukuma. Nesi aliutazama na mkono wa Rozalia, akaandika karatasi kwamba ni harara tu. Kisha alimpa Saada dawa ya kupaka, akamwambia asijikune, anawe kwa sabuni, arudi siku ya tatu. "Kidonda kitapona," alisema. "Kovu ndilo litakalobaki. Alama ya yule dada inafutika, yako haifutiki."

Bibi Goreti hakuwa amecheka. "Nashukuru, nesi. Lakini hapa waliosikia ni watu sita. Waliotukimbia ni kijiji."

"Ni kweli," alisema Bibi Sikuzani. Akamgeukia mjukuu wake. "Uongo uliousema mbele ya watu huwezi kuutubia chumbani. Kesho utasimama mstarini."

Alhamisi asubuhi Saada alisimama mbele ya shule nzima, mkono umefungwa bendeji. Alisema yote bila kupunguza. Alipomaliza, Mwalimu Adinani alipanda pale aliposimama.

"Na mimi nilikosea," alisema. "Nilimuuliza mtoto swali ambalo jibu lake nilikuwa nimeliweka ndani. Rozalia, utusamehe."

Bibi Sikuzani naye hakukaa nyumbani. Alfajiri alikuwa ameshafika kwa mwenye nyumba na karatasi ya nesi, akasimama mlangoni mpaka bwana yule alipoisoma mara mbili na kusema hakuna wa kuhama. Kengele ya mapumziko ilipolia, alikuwa amekaa kwenye lango la shule bega kwa bega na Bibi Goreti. Alichukua muhogo kutoka beseni lake, akala polepole, watoto na wanawake wa jirani wanamtazama.

"Anayeogopa kuambukizwa akae hapa aone kama nitakufa," alisema. "Ila huenda akasubiri sana, bora asubiri ameshiba."

Doreen ndiye aliyekuja kwanza. Baada yake wakaja wengine, na beseni likaanza kupungua.

Saada alipofika mbele ya beseni alipiga magoti kumwomba radhi Bibi Goreti. Bibi Goreti alimwinua kwa kumshika ule mkono usio na bendeji.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Wewe uliumia kwa kuamini maneno ya mtu usiyemjua, hukuuliza. Sisi tukaumia kwa sababu watu waliamini kichwa chako kilichoinama, nao hawakuuliza. Kutilia shaka si kosa. Bibi yako anatilia shaka hata jua, lakini yeye huuliza na kuchunguza kabla ya kuhukumu. Fanya hivyo. Na siku ukiulizwa wewe, sema kweli mapema, kabla mwingine hajaanza kubeba adhabu yako."

"Nimesikia, bibi."

Kengele ililia tena. Darasani Saada alikuta Rozalia amesimama kando ya dawati lao, mkoba bado begani.

"Nitakaa na wewe," alisema Rozalia. "Lakini siri ya kuumiza mtu usinipe tena. Sitaitunza."

"Sitakupa," alisema Saada, akasogea kumpa nafasi.