Mguu wa Kushoto wa Tulia

Kila siku saa kumi alasiri, nikishatoka shule, nilimtandika Tulia na kumpanda kwa dakika arobaini. Tulia alikuwa farasi jike wa miaka minne. Jina hilo alipewa na shangazi kama dua, maana kutulia kwenyewe alikuwa hakujui. Shangazi alikuwa mfundishaji wa farasi katika mabanda yaliyokuwa mwisho wa mtaa wetu, nami niliishi kwake. Kazi yetu mwaka ule ilikuwa kumzoeza Tulia hatamu na tandiko, ili aweze kuwabeba watoto waliokuja kujifunza kupanda.

Shangazi alikuwa na sheria moja isiyopindishwa. Nikishashuka, nikae juu ya pipa la pumba na kuandika katika daftari yaliyotokea: mizunguko mingapi ya kulia, mingapi ya kushoto, wapi Tulia ametii na wapi amegoma.

"Andika kabla hujanawa mikono," alisema. "Ukishanawa, na kumbukumbu inakwenda na maji."

Kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa na alama za vidole vyangu, jasho la farasi na vumbi. Mwalimu wangu wa darasa angeliona daftari lile, angenirudisha nyumbani. Kila Ijumaa shangazi alilisoma, akaniuliza maswali, kisha tukapanga kazi ya wiki iliyofuata. Mwezi wa kwanza niliandika, "Ameniangusha mara mbili." Mwezi wa nne niliandika, "Amekwenda mwendo wa matiti, mbio zile ndogo, mizunguko kumi bila kusimama." Nilijivunia kurasa hizo kuliko ripoti yangu ya shule, ambayo kusema kweli haikuwa na mengi ya kujivunia.

Jumanne moja, siku Tulia alipopigwa vyuma vipya vya kwato, shangazi aliniita jikoni.

"Baada ya wiki tatu mwenye mabanda atakuja kumtazama Tulia," aliniambia. "Akimridhisha, atabaki. Asipomridhisha, atauzwa akavute mikokoteni ya mawe. Daftari likiendelea hivi, utampanda wewe. Likionyesha matatizo, nitampanda mimi."

Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha.

Kesho yake nilipomgeuza Tulia kushoto, alisimama na kulaza masikio nyuma. Nikambana kwa visigino, akarusha kichwa. Nilipomgeuza kulia alikwenda kama kawaida. Nikajiambia ni ujeuri tu, utampita. Nilimzungusha kulia mpaka muda ukaisha.

Siku hiyo sikukaa juu ya pipa. Nilishindwa kuandika nilichotaka kuandika huku Tulia ananitazama. Nilinawa mikono, nikaenda na daftari nyumbani, nikaandika mezani, "Kulia kumi, kushoto kumi. Vizuri." Kesho yake aligoma tena, nami nikaandika vilevile. Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Wa tano niliuandika huku natafuna mkate.

Shangazi hakujua. Wiki zile alikuwa na farasi wawili wakorofi katika uwanja wa mbali, na Ijumaa alisoma nilichoandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kila alipofanya hivyo nilitamani kusema, na kila mara nilinyamaza.

Jumamosi ya kutazamwa ilifika. Mwenye mabanda alisimama kando ya uzio, mikono nyuma. Karibu naye fundi wa kwato, mzee aliyewapigia farasi wote wa pale vyuma vya miguuni, alikuwa akinoa visu vyake. Nilimpanda Tulia na kumzungusha kulia mara tatu. Mwenye mabanda akasema, "Sasa kushoto."

Nikavuta hatamu. Tulia alipiga hatua mbili, akasimama, akainua miguu ya mbele, nami nikaanguka chali mchangani. Sikuumia. Niliona aibu tu.

"Mkaidi huyu," alisema mwenye mabanda. "Siwezi kumweka mtoto wa mtu juu yake. Jumatatu aondoke."

"Subiri, mzee," shangazi alisema. "Tuone daftari. Kama ni tabia, itakuwa imeandikwa tangu mwanzo. Kama ni maumivu, itaonekana yalianza lini."

Alifungua kurasa na kusoma kwa sauti. Wiki tatu nzima, kushoto vizuri, kushoto vizuri. Kidole chake kilisimama kwenye ukurasa mmoja, kikasogea kwenye mwingine, halafu akaniangalia.

"Basi si maumivu," alisema mwenye mabanda. "Jana mzima, leo hataki. Huo ni ukaidi."

Nilimtazama Tulia. Alikuwa amesimama huku mguu wa kushoto wa mbele unagusa chini kwa ncha tu. Nikinyamaza, angeondoka Jumatatu, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

"Si kweli," nilisema. "Yaliyoandikwa humo si kweli. Amegoma kushoto wiki tatu. Alianza Jumatano, kesho yake baada ya kupigwa vyuma vipya."

Fundi wa kwato aliacha kunoa. Alikuwa mtu wa majivuno kidogo, na nilidhani atanikemea. Badala yake aliinua mguu ule wa kushoto, akachukua koleo na kubana ukwato kwenye msumari mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa nne, Tulia alishtuka na kuvuta mguu. Mzee aling'oa msumari ule taratibu. Katika tundu lake yakatoka maji meusi yenye harufu mbaya.

"Niliupigilia karibu mno na nyama," alisema. "Kosa ni langu, si la farasi."

Mwenye mabanda aliinama kuutazama ukwato. Kisha akasema atarudi kumtazama tena baada ya miezi miwili.

Walipoondoka, tulichovya mguu wa Tulia katika ndoo ya maji ya moto yenye chumvi. Nilikuwa nalia. Shangazi hakuninyamazisha.

"Nilijua nilipozifungua," alisema. "Kurasa za wiki tatu, hakuna hata doa. Nikasema, ngoja, atasema mwenyewe."

"Nisamehe, shangazi."

"Nami nina langu. Nilisoma daftari nikasahau kumtazama mnyama." Aliongeza maji ya moto. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wewe, mwanangu, ulificha maradhi ya mwenzio. Tulia hana mdomo. Mdomo wake ni hilo daftari, na wiki tatu ulimziba. Siku mbaya haiharibu kazi, ndiyo inayotuonyesha pa kutengeneza. Ukiificha, unabaki na sifa, na mwenzio anabaki na msumari."

Wiki sita sikumpanda. Nilimtembeza kwa kamba tu, polepole. Jioni ile ya kwanza nilikaa juu ya pipa, mikono michafu, nikaandika, "Leo anachechemea. Kosa langu." Kidole gumba kiliacha alama nyeusi pembeni mwa ukurasa, nami sikuifuta.