Perege wa Sentimita Hamsini na Nane

Kila Jumamosi asubuhi, Shangazi alifunika cherehani yake, akachukua jembe dogo na kwenda nyuma ya bafu kuchimba nyungunyungu wa chambo. Siku tano za wiki alikuwa mshonaji wa sare za shule. Jumamosi alikuwa mvuvi, na siku hiyo hata mteja aliyekuja akilia kwa suruali iliyopasuka aliambiwa arudi Jumatatu.

Mpwa wake, msichana wa miaka kumi na miwili, alibeba daftari kubwa la jalada gumu. Kwa sababu ya daftari hilo, wanachama wote wa chama cha wavuvi wa ndoano walimwita Karani, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe.

Chama hicho kilikuwa na sheria zake pale bwawani. Hakuna nyavu. Samaki asiyefika sentimita ishirini na tano anarudishwa majini akiwa hai. Na kila samaki aliyenaswa alilazwa juu ya ubao wenye alama, akapimwa, urefu wake ukaandikwa. Kila baada ya miezi mitatu daftari lilipelekwa kwa Afisa wa Uvuvi. Mwandiko wa Karani ulikuwa umenyooka vizuri, ndiyo maana wazee walimkabidhi kalamu.

Shida ilikuwa moja tu. Shangazi hakuwa na bahati na samaki wakubwa.

"Sentimita ishirini na sita," alisema Jumamosi moja, huku akimnyoosha perege wake kwenye ubao.

"Huyo ni samaki au ni chambo?" aliuliza Fundi Redio, mtengenezaji wa redio aliyejua kueleza samaki kwa mikono miwili mpaka aliyekaa karibu naye akapigwa kiwiko cha uso.

Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka, lakini Karani aliona amechelewa kidogo kucheka. Moyo ukamuuma. Alipoinamia daftari, mbili ikageuka tatu, na perege wa Shangazi akawa na sentimita thelathini na sita.

Hakuna aliyegundua. Wiki iliyofuata alimwongezea tena. Kisha akaona si haki kumpendelea shangazi yake peke yake, akamwongezea na Fundi Redio, shingo upande. Mwalimu Mstaafu, ambaye kwa kawaida alilala na fimbo ya kuvulia mkononi mpaka samaki wakala chambo chake bila wasiwasi, naye alipewa perege mnene wa kumliwaza. Miezi mitatu ilipokwisha, bwawa lilikuwa limejaa majitu. Daftari likapelekwa kwa Afisa, likanakiliwa na kurudishwa, na Karani akasahau.

Wiki mbili baadaye, Afisa wa Uvuvi alifika bwawani kwa pikipiki. Alikuwa amefunga nyuma beseni kubwa la kuogeshea watoto, na shingoni alining'iniza kamera.

"Nina miaka kumi na saba katika kazi hii," alisema baada ya kuwasalimu wote, "na sijaona perege wa sentimita hamsini na nane bwawani hapa. Nimekuja kumpiga picha mwanamke aliyemvua."

Akamnyooshea Shangazi mkono. Shangazi aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani kuna mwanamke mwingine.

"Na wewe Fundi," Afisa aliendelea, "sitini na moja."

Fundi Redio akatanua mikono yake miwili. "Ndiyo," alisema. "Namkumbuka. Alinivuta mpaka magotini."

"Mwalimu, wewe hamsini, tarehe kumi na mbili."

"Tarehe kumi na mbili?" Mwalimu Mstaafu alishika shavu lake. "Siku hiyo nilikuwa hospitali, naong'olewa jino."

Karani akajificha nyuma ya daftari, lakini masikio yake yalibaki nje.

Afisa akatoa barua mfukoni. "Kila mwaka msimu wa kuzaliana tunafunga bwawa kwa miezi miwili. Mwaka huu ofisi imesoma hesabu zenu, ikaona samaki wamekua na wamejaa tele. Kwa hiyo bwawa halitafungwa. Walioomba kuvua kwa nyavu watapewa vibali Jumatatu. Imebaki saini yangu tu. Nikasema kabla sijatia saini, nije nimwone mmoja wa hao wakubwa kwa macho yangu."

Wavuvi wakatupa ndoano zao, na Afisa akaketi kando ya beseni. Baada ya saa moja hivi, mshipi wa Shangazi ulikaza. Akavuta taratibu. Ndoano ilikuwa imemkwama samaki pembeni mwa pezi. Alikuwa perege wa sentimita ishirini na saba. Shangazi akaweka maji ndani ya beseni na kumtia samaki humo taratibu. Ghafla perege akafungua kinywa, na vitoto vyembamba kama sindano vikamwagika majini.

"Analea," Afisa alisema kwa sauti ya chini. "Perege jike huwabeba watoto wake kinywani. Wavu ungezoa mama na wote hao kwa mkupuo mmoja."

Vile vitoto vilizunguka kidogo, kisha vikaanza kurudi kinywani kimoja kimoja. Karani alivitazama mpaka macho yakamwasha. Akaenda kusimama mbele ya Afisa.

"Yule wa hamsini na nane hayupo," alisema.

"Ameenda wapi?"

"Hajawahi kuwepo. Nilimwandika tu. Wengi niliwaongeza mimi. Nilitaka watu waache kumcheka Shangazi."

Watu wote wakamgeukia Fundi Redio, ambaye ghafla alianza kuchunguza ndoano yake kwa makini sana.

"Basi nilimchanganya na mwingine," alisema.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akakaa chini. Afisa hakucheka. Alimwuliza Karani kama anaukumbuka urefu wa kweli wa kila samaki. Karani akatikisa kichwa.

"Basi hatuwezi kukisia," alisema Afisa. "Chora mstari kwenye kurasa zote za miezi hii mitatu. Zimekufa."

Karani alichora, ukurasa baada ya ukurasa, machozi yakidondoka juu ya rula. Alipomaliza, Afisa alilichukua daftari akalikagua, kisha akaichana ile barua vipande vinne. Bwawa lingefungwa kama kawaida, na nyavu zingesubiri. Kisha akamrudishia daftari.

"Unanirudishia mimi?" Karani aliuliza.

"Wewe ndiye karani. Lakini kuanzia sasa mtu mzima atasoma ubao kwa sauti na kuweka sahihi kando ya kila namba." Akachuchumaa wakawa sawa kwa kimo. "Sikiliza, binti. Mimi ni mmoja, na mabwawa ninayoyasimamia ni manane. Siwezi kukaa kila ukingo. Macho yangu ni wavuvi kama shangazi yako, na kule msituni, ambako nasimamia pia uwindaji, ni wawindaji wenye vibali, wanaoniletea hesabu ya wanyama waliowaona na waliowapiga. Wakiniambia kweli, najua lini kuruhusu na lini kuzuia. Wakinidanganya, hata kwa upendo, natia saini nikiwa kipofu, na anayeumia ni huyo hapo kwenye beseni."

"Nimeelewa," Karani alijibu. "Samahani, Shangazi."

"Mimi huja hapa kuvua, siji kusifiwa," alisema Shangazi, akishika upande mmoja wa beseni. "Ukinipenda, andika kilichopo ubaoni. Haya, shika huku tumrudishe mama wa watu kwake."

Wakaliinamisha beseni pamoja ukingoni. Perege alikaa kidogo kwenye maji ya kina kifupi, kinywa kimejaa, kisha akateleza polepole hadi kwenye kina.