Mvuke wa Wale Watano

Mama Taulo alibakiza wiki mbili tu astaafu, ila mgongo wake ulikuwa umeshatangulia. Miaka ishirini na nane alitunza kibanda cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba ya wageni, kibanda cha mbao kilichojengwa na Waswidi waliokuja zamani kufundisha useremala. Watano kati yao hawakurudi kwao. Walizikwa mjini hapo hapo, na siku hizi wajukuu zao huja, wanaoga, wanapiga picha makaburi, wanaondoka.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja, alilorithi kwa mama mkwe wake. Wageni wakishatoka, unamwagia mawe ya moto kata moja ya maji, unafunga mlango, unakwenda zako. Mvuke huo ni wa wale watano. Asubuhi unakuta benchi la juu lina alama tano za unyevu, unazifuta, maisha yanaendelea. Mama Taulo alishawazoea, maana hawakuwa na usumbufu.

Alasiri moja wageni walitoka saa kumi, naye alikuwa hoi. Alimwaga maji, mvuke ukapanda, joto likamgusa kiuno. Dakika mbili tu, akajisemea, marehemu watanisamehe. Akaingia, akafunga mlango, akajinyoosha benchi la chini. Raha ikamwingia mpaka kwenye mifupa.

Benchi la juu likalia, kama linavyolia mtu akikaa. Likalia tena. Mara tano.

Hakuthubutu kuinua macho. Tone la maji likamdondokea shavuni. Lilikuwa la baridi.

"Umechoka, mama?" Sauti ilinong'ona, kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunza ukubwani.

Adabu ikamponza. "Nimechoka, baba."

"Jamani, tusogee."

Mbao zikalia taratibu. Walikuwa wanampisha.

Hakumbuki alivyotoka. Alijikuta uani, kanga imelowa, mgongo hauumi hata chembe. Jioni binti yake alipomkanda kwa maji ya moto, kama kawaida ya kila siku, alisita.

"Mama, haya yananiunguza mkono. Wewe huyasikii?"

"Siyasikii, mwanangu."

Asubuhi alikwenda kufuta benchi. Alama zilikuwa sita. Ya sita ilikuwa pana, imeinamia kushoto, upande anaoegemea yeye siku zote. Aliifuta mara tatu, ikarudi mara tatu. Akaweka kiganja juu yake. Palikuwa na joto la mtu.

Akapeleka kiganja hicho hicho mgongoni kwake. Hapakuwa na joto.